Askari wa mahakama apimwe kwa kalamu kabla ya kupimwa kifua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake uliichapa wiki iliyopita, ile iliyodai kwamba mtihani wa kuandika wanaofanyishwa vijana wanaoomba kazi ya usalama mahakamani ni usumbufu mtupu, na kwamba kazi ya kusimama mlangoni na kufunga watu pingu inataka kifua, urefu na mbio, basi. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka ishirini na sita hadi nikastaafu, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa nikiwafundisha walioajiriwa wapya. Mimi niliingia wakati hakuna mtihani: tulipangwa mstari, tukapimwa, tukakimbizwa, na waliokuwa bado wamesimama ilipofika jioni wakaandikwa majina. Kwa hiyo sitetei mlango niliopitia mwenyewe. Nautetea mtihani kwa sababu nimeona kwa macho yangu yanayotokea pale unapokosekana.

Msomaji mwenzangu ameieleza kazi hii jinsi inavyoonekana kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la nyuma akisikiliza kesi ya jamaa yake. Anamwona askari amesimama kimya kando ya kizimba, mikono nyuma, na kwa kweli mtu akimtazama hapo atadhani kwamba hata sanamu ingetosha. Asichokiona ni karatasi. Kabla jaji au hakimu hajaketi, askari yule ameshapokea orodha ya kesi za siku, ameshawahesabu mahabusu walioshushwa kwenye gari na kuwalinganisha na hati zilizowatoa gerezani, ameshajua ni kesi ipi itasikilizwa kwa faragha na nani hapaswi kuingia, na ameshamtenga shahidi asije akakaa benchi moja na ndugu za mshtakiwa. Mchana kutwa amri zinatolewa, na kila amri ni maandishi ambayo mtu fulani lazima ayasome, ayaelewe na kuyatekeleza yalivyo. Katika siku ya kawaida mkono wangu ulishika karatasi mara nyingi kuliko ulivyoshika pingu.

Nitasimulia kisa kimoja, na mahakama yenyewe sitaitaja. Siku hiyo tulikuwa na mahabusu wawili ambao majina yao mawili ya kwanza yalikuwa sawa na la tatu linakaribiana. Kesi ya mmoja iliondolewa na hakimu akaagiza aachiliwe. Ya mwenzake iliahirishwa na akatakiwa arudishwe rumande. Namba za kesi zilitofautiana kwa tarakimu mbili tu zilizobadilishana nafasi, 418 na 481. Karani aliiandika hati ya kuachiliwa kwa usahihi, hakimu akaisaini, muhuri ukagongwa. Askari mwenzangu akaipokea kwenye mlango wa chumba cha mahabusu, akaitupia jicho, akaita jina. Wakaitika wawili. Akamtoa aliyekuwa karibu na mlango.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, orodha ya siku iko mkononi mwangu, na sikuilinganisha na ile hati. Yule ambaye kesi yake ilikuwa ikiendelea alitoka akapotelea mtaani. Yule aliyeachiliwa na hakimu akapandishwa gari kurudi gerezani, akipaza sauti kwamba amesikia kwa masikio yake akiambiwa aende nyumbani, nasi tukamwambia anyamaze. Alilala ndani usiku ule na usiku uliofuata, hadi wakili wake alipokuja na nakala ya amri. Mama yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi tangu asubuhi, ameshika shati lililopigwa pasi ambalo alitaka mwanawe alivae akitoka. Jioni nilipokuwa nafunga lango nilimkuta bado yupo, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu wakati huo sisi wenyewe tulikuwa hatujajua tulichokifanya.

Yule askari mwenzangu alikuwa na nguvu kutushinda sote. Nilimwona siku moja akimdhibiti peke yake mtu aliyeruka kizimba, bila kumuumiza. Mzembe hakuwa, na hongo hakupokea hata siku moja. Ila kusoma kulimpa taabu, alikuwa akiyatambua maneno kwa sura zao badala ya kuyasoma, na siku anaajiriwa hakuna aliyemwuliza. Aliyemdhulumu yule kijana aliyelala rumande siku mbili bila kosa ni utaratibu uliompa askari yule kazi bila kumpima katika jambo ambalo kazi yenyewe ingemdai kila saa.

Sasa tazameni mitihani yenyewe inauliza nini. Katika mahakama za jimbo la New York, nchini Marekani, ambako uofisa wa mahakama huingiwa kwa mtihani wa ushindani, mtahiniwa hupewa makundi ya majina, namba na anuani yanayokaribia kufanana, akatakiwa aseme yapi yanalingana na yapi yametofautiana. Mtu asiyeijua kazi atacheka na kusema huo ni mchezo wa watoto. Mimi nikiyaona maswali yale naziona 418 na 481.

Sehemu nyingine ya mtihani huo ni ya kumbukumbu. Mtahiniwa hupewa maelezo ya tukio ayasome kwa dakika tano, kisha karatasi inaondolewa, dakika kumi zinapita, ndipo anaulizwa: nani alikuwa amevaa nini, alitokea upande gani, gari lilikuwa la rangi gani. Zile dakika kumi za kungoja zina maana yake. Ugomvi ukizuka kwenye ukumbi, askari hapati nafasi ya kuandika hapo hapo. Kwanza anatenganisha watu, anaita msaada, anamtoa mtoto aliyebanwa katikati, ndipo baadaye anaketi kuandika taarifa ambayo huenda ikasomwa mbele ya jaji miezi kadhaa mbele. Asipokumbuka sawasawa, atajaziwa na wenzake, na hapo taarifa huanza kuwa hadithi.

Lakini sehemu ambayo mimi naithamini kuliko zote ni ile inayompa mtahiniwa kanuni iliyoandikwa, halafu inamweleza hali fulani na kumwuliza afanye nini. Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kutunga maswali ya namna hiyo. Mojawapo lilikuwa hili: kanuni inasema kifaa chenye ncha kali kitachukuliwa mlangoni, mwenye nacho atapewa stakabadhi, na atarudishiwa anapoondoka asipokuwa ametakiwa kushtakiwa. Amekuja fundi cherehani, ni shahidi, na mkasi wake uko kwenye mfuko wa aproni kwa sababu ametoka kazini moja kwa moja. Saa tano anaomba mkasi wake akafanye kazi kidogo, atarudi saa nane kutoa ushahidi. Ufanyeje? Waliozoea amri za kikosi walijibu haraka kwamba asipewe, maana ni silaha. Wengine walimhurumia wakasema apewe na aruhusiwe kukaa nao ukumbini kwa kuwa anafahamika. Aliyesoma kanuni kwa utulivu aliona kwamba fundi akiondoka anarudishiwa mkasi wake, na akirejea saa nane unachukuliwa tena na anaandikiwa stakabadhi nyingine. Jibu lote limo ndani ya maneno yale machache. Anayelikosa akiwa mezani, ambako hakuna anayemsukuma wala kumpigia kelele, atalikosa zaidi akiwa mlangoni na watu arobaini wamejipanga nyuma ya fundi.

Na mamlaka ya askari wa mahakama yana mipaka ambayo haikaririwi kwa kukimbia uwanjani. Sheria ya Mahakama ya mwaka 2003 ya Uingereza, kwa mfano, inampa ofisa usalama wa mahakama haki ya kumpekua anayeingia, lakini papo hapo inasema hawezi kumlazimisha mtu kuvua nguo nyingine isipokuwa koti, jaketi, kofia, glavu au viatu. Sentensi moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha upekuzi halali na udhalilishaji. Mwanamke anayekuja mahakamani kueleza jinsi alivyonyanyaswa hapaswi kunyanyaswa tena mlangoni na mtu ambaye hakuielewa sentensi hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba hatari za mahakamani haziji kwa karatasi, huja na bunduki na visu. Ni kweli, na wala sizipuuzi. Ila naomba tuyatazame matukio yenyewe kwa makini. Machi 11, 2005, mjini Atlanta, mshtakiwa Brian Nichols alimzidi nguvu ofisa mmoja aliyekuwa akimsindikiza, akapata bastola, akamuua Jaji Rowland Barnes na mwandishi wa kumbukumbu Julie Ann Brandau ndani ya chumba cha mahakama, kisha akamuua Sajini Hoyt Teasley nje ya jengo. Siku chache kabla ya hapo Nichols alikuwa amekutwa na vyuma vilivyonolewa amevificha kwenye viatu, na jaji mwenyewe alikuwa ameomba ulinzi uongezwe. Habari ilikuwapo. Ilikuwa imefika kwa watu. Kilichokosekana ni kuigeuza habari hiyo kuwa uamuzi wa asubuhi ile: huyu asisindikizwe na mtu mmoja.

Dresden, Ujerumani, Julai 1, 2009, jengo la mahakama halikuwa na ukaguzi mlangoni. Mshtakiwa aliingia na kisu na kumuua shahidi, Marwa El-Sherbini, aliyekuwa mjamzito, mbele ya mumewe na mtoto wao mdogo. Mume alipojirusha kumwokoa mkewe alichomwa kisu naye, na polisi aliyekuja mbio kusaidia akampiga risasi mume huyo akidhani ndiye mshambuliaji. Kila nikilifikiria tukio hili moyo wangu hurudi kwa polisi yule. Alikuwa na ujasiri wa kukimbilia hatarini na alikuwa na silaha. Alichotakiwa kukifanya katika sekunde zile ni kutambua nani ni nani, nacho ndicho kigumu kuliko vyote. Sidai kwamba mtihani wowote wa kuandika ungemwokoa mtu yeyote chumbani mle. Nadai kwamba anayesema kazi hii ni misuli hajaitazama pale inapokuwa ngumu kabisa.

Na huko Nairobi, katika mahakama ya Makadara, Juni 13, 2024, hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini na ofisa wa polisi, baada ya kufuta dhamana ya mke wa ofisa huyo, naye akafariki kutokana na majeraha. Aliyempiga alikuwa mtu ambaye kwa kawaida walinzi humpigia saluti akapita. Kuna askari wangapi walioko mlangoni leo ambao, kanuni ikisema kila anayeingia akaguliwe, wataielewa kuwa ni kila anayeingia, na watakuwa na uthabiti wa kumwambia mkubwa, «Afande, naomba na wewe upite hapa»? Kijana anayejua kwamba kazi aliipata kwa alama zake mwenyewe, na si kwa simu ya mkubwa huyo huyo, ana nafasi nzuri zaidi ya kuyatamka maneno hayo.

Hili la simu ndilo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa. Katiba ya jimbo la New York, tangu mwaka 1894, inataka ajira za serikali zitolewe kwa sifa na uwezo, na vitu hivyo vipimwe, kadiri inavyowezekana, kwa mtihani wa ushindani. Hawakufika huko kwa kupenda makaratasi. Katika Marekani ya wakati ule kazi za umma ziligawiwa kama zawadi kwa wapambe wa washindi, hata mwaka 1881 Rais James Garfield akapigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kunyimwa cheo alichodhani anastahili, na miaka miwili baadaye nchi ikapitisha sheria ya kuajiri kwa mitihani. Kupimana kifua uwanjani kuna mwanya mpana. Anayeshika futi ndiye anayejua amesoma nini, na mtoto wa mtu fulani anaweza kurefuka kwa sentimita mbili palepale. Karatasi ya mtihani ikisahihishwa kwa namba bila jina, mwanya huo unabanwa, ingawa hauzibiki wote.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kwamba mitihani itatuletea waoga wenye vyeti. Septemba 11, 2001, maofisa watatu wa mahakama za New York, Thomas Jurgens, William Harry Thompson na Mitchel Wallace, walikwenda World Trade Center kuokoa watu na wakafia humo majengo yalipoanguka. Walitoka katika utumishi ule ule ambao mtu huingia kwa kukaa mezani na penseli. Nawaomba wote tunaojadili jambo hili tusiitumie tena hoja hiyo ya uoga.

Kwa haki ya mjadala, nakubali kwamba mtihani una upungufu. Haupimi hasira ya mtu. Nimewahi kumfundisha kijana aliyefaulu kwa alama za juu sana, na wiki ya pili akamsukuma mzee aliyechelewa kuvua kofia. Ndiyo maana mtihani ni mlango wa kwanza tu. Baada yake kuna usaili, uchunguzi wa mwenendo, vipimo vya afya na vya akili, mazoezi ya viungo ambayo msomaji mwenzangu anayapenda, halafu kipindi cha majaribio chini ya askari mzoefu. Mbio hazijafutwa popote. Zimewekwa baada ya kusoma, na mimi naona hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa pumzi hujengwa kwa miezi michache ya mazoezi, ilhali tabia ya kusoma kwa makini ni ya miaka.

Upungufu mwingine unanisumbua zaidi, nao ni wa watunzi. Nimeona maswali yaliyojaa misamiati ya kisheria ambayo hata karani mkongwe angeikunia kichwa, kana kwamba tunatafuta mawakili. Swali la namna hiyo linampima mtu alikosoma, halimpimi kama anaweza kuielewa amri iliyo mbele yake. Kanuni zitolewe ndani ya karatasi yenyewe, kwa lugha nyepesi, na mtahiniwa aulizwe kuzitumia.

Kwa vijana wanaojiandaa, kwa kuwa wengi hunijia kuuliza, nina machache. Acheni kukariri vifungu vya sheria, mtafundishwa mkishaingia. Chukueni gazeti hili hili, someni habari moja ya mahakamani, lifunikeni, fanyeni kazi nyingine kwa dakika kumi, kisha andikeni mnachokumbuka kwa mpangilio wa matukio na mlinganishe. Katika kulinganisha namba, zisomeni kwa kidole, tarakimu moja moja, kwa sauti ndogo, maana jicho lililochoka huona linachokitarajia. Na mkipewa kanuni, ijibuni kanuni hiyo iliyoandikwa, hata kama mnaona mngeitunga vizuri zaidi ninyi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaosimamia mitihani hii. Sampuli za maswali, pamoja na majibu na maelezo yake, zitangazwe wazi mapema, magazetini na kwenye mbao za matangazo za mahakama zote, kama wanavyofanya wenzetu wanaochapisha mwongozo wa mtihani kwa kila mwombaji. Sasa hivi kijana mwenye mjomba ndani ya ofisi anajua mtihani unafananaje, na kijana asiye na mtu anaingia gizani, au anauziwa karatasi za uongo na matapeli wanaosimama nje ya lango siku za kuchukua fomu. Nimewaona matapeli hao kwa miaka mingi, na biashara yao yote inategemea usiri ambao hauna faida kwa mahakama. Gazeti lako likikubali kuanza, mimi niko tayari kuleta maswali kumi niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu, pamoja na lile la fundi na mkasi wake, myachape bila malipo yoyote kwangu.

Wako,
Askari mstaafu wa mahakama